Daftari letu la kidato cha nne 2003: tuliruka kitanda namba 14. Nimtafuteje?

TrankaLaBluu

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mnisome hadi mwisho, maana swali lenyewe liko chini.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2003 kwenye shule ya bweni ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini. Usiku wa mwisho umeme ulikatika. Tukawasha karabai ya matroni, tukakaa juu ya matranka tuliyokwisha kuyafunga kamba, na mimi nikatoa kaunta buku iliyobakiwa na kurasa chache. Mchezo ulikuwa huu: anatajwa mtu, bweni zima linasema atakuwa wapi baada ya miaka 20, mimi naandika kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Tulifuata namba za vitanda. Vitanda 23, wasichana 22.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Limeliwa na mende pembeni, lakini linasomeka. Madaktari 8. Wanasheria 5. Watangazaji wa redio 3. Marubani 2, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda ndege. Wawili waliandikiwa "mke wa tajiri" wakafurahi kweli. Mtawa 1. Balozi 1, kiranja wa chakula, kwa sababu alijua kugawa makande ya Jumamosi bila mtu kulalamika.

Mwalimu, hakuna. Walimu tuliwaona kila siku na viatu vyao vilivyoisha soli, nani angemtakia mwenzake?

Sasa tuko kwenye kundi la WhatsApp, na sisi walimu ni 9, mimi nikiwemo. Mwaka uliofuata, 2004, ndipo ulipoanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kisha shule za kata zikachipuka kila mahali, na walimu wakawa wanatafutwa kama maji ya kiangazi. Wengine 3 wana vibanda vya uwakala wa pesa za simu. Hatukuweza kuwaandikia hivyo, kwa sababu kazi yenyewe haikuwepo. M-Pesa ilifika Tanzania 2008. Mmoja analima parachichi Njombe na ndiye anayetuchangia zaidi kwenye misiba. Mmoja yuko Muscat. Daktari ni mmoja tu, na siye yeyote kati ya wale 8; yeye tulimwandikia "mtangazaji". Mtawa ni mtawa kweli, yule yule tuliyemtaja. Wawili wametangulia mbele za haki.

Juzi nilipiga picha kurasa zile nikaziweka kundini. Watu wamecheka na kulia hadi usiku wa manane. Kisha mwenzetu mmoja akauliza: mbona baada ya 13 mmeandika 15?

Kitanda namba 14 kilikuwa cha chini, mimi nikilala 15 juu yake. Alitoka Makete. Yatima wa baba na mama, kama watoto wengi wa Makete wa miaka ile, akisomeshwa na mjomba. Hesabu alizijua kuliko mwalimu tuliyekuwa naye. Alikuwa ananiamsha saa kumi alfajiri, baridi ya Julai, ananifundisha logi kwa tochi chini ya blanketi. Mwaka 2002, tukiwa kidato cha tatu, tulipimwa mimba kama tulivyopimwa kila tulipotoka likizo. Ilikuwa kabla ya chai ya saa nne. Saa sita alikuwa ameshatoka getini, na tranka lake kichwani. Hakuna aliyetuita kutuambia kitu. Matroni alikunja godoro lake tu.

Mkebe wake wa hesabu ulibaki kwangu, kwa sababu jana yake nilikuwa nimeuazima. Jina lake amelichonga kwenye mfuniko kwa ncha ya bikari. Mtihani wa taifa nimeufanyia kwa mkebe ule. Nikapata B, na leo nafundisha hesabu.

Sasa nauliza. Miezi 18 tu baada ya yeye kuondoka, wasichana 22 tuliokula naye sahani moja tulikuwa tunapita kitanda chake kama kitanda kibovu. Hatukumwandikia hata mstari mmoja. Nataka kumtafuta. Namjua kwa majina mawili, najua Makete, kijiji sikijui. Nianzie wapi? Na nikimpata, nimwambie nini?

---

MkingaWaMakambako

Kamwene dada. Mimi ni Mkinga niliyekulia Makambako, kwa hiyo nakwambia kitu cha nyumbani: usianzie Makete. Sisi Wakinga nyumbani tunarudi kuzika na kula Krismasi, maisha tunayatafutia barabarani. Binti aliyefukuzwa shule 2002 na mjomba ndiye mlezi, uwezekano mkubwa alipelekwa kwa ndugu mwenye duka. Anzia Makambako, uende Mwanjelwa kule Mbeya, mwisho Kariakoo. Uliza kwa ukoo, usiulize kwa jina la shule. Kwenye hayo majina mawili, la ukoo limo? Majina yetu mengi ya ukoo yanaonyesha mtu anatoka upande gani, Bulongwa, Ikuwo au Lupila. Mtajie mama yeyote wa Kikinga anayeuza viazi sokoni, atakwambia "hao wa kule", na safari yako itapungua nusu.

Na umri wa mtoto wake uukumbuke. Alizaliwa 2002, sasa ni mtu mzima. Huenda ukampata mtoto kabla ya mama.

---

Mkuu_Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, pole. Niliongoza shule za sekondari miaka 17, na nimesaini barua za namna hiyo. Kanuni za 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili au kwa kuolewa, na mimba tukaihesabu humo. Ninawakumbuka wanne. Waraka wa kuwaruhusu kurudi umetoka Novemba 2021, mimi nimeshastaafu, wao ni akina mama wazima.

Kwa upande wa kutafuta: kila shule ina rejesta ya uandikishaji. Jina la mwanafunzi linabaki humo hata akifukuzwa, na pembeni mna jina la mlezi, kijiji, na shule ya msingi alikotoka. Hiyo shule ya msingi ndiyo muhimu. Nenda kwa mkuu wa shule wa sasa, kwa barua, ujitambulishe kama mwanafunzi wa zamani na mtumishi. Asipokupa kitabu mkononi, mwombe akusomee mstari mmoja tu. Ukipata kijiji, onana na mtendaji kabla ya kuanza kuuliza nyumba kwa nyumba.

Kwenye matokeo ya Baraza la Mitihani usipoteze muda. Kama alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea atakuwa kwenye kituo chenye namba ya P, na bila kujua kituo wala mwaka hutafika popote.

---

MamaCherehani

Mimi ni kitanda namba 14 cha bweni jingine.

Nilitolewa 1998, kidato cha pili. Nina cherehani tatu, Tunduma, na wasichana wawili wananisaidia. Mtihani wa maarifa, ile QT, niliufanya nikiwa na watoto watatu, baadaye nikafanya wa kidato cha nne. Sikufanya ili niajiriwe. Nilitaka tu kuumaliza.

Wenzangu walinipata miaka sita iliyopita. Nia yao ilikuwa njema, nakuambia ukweli. Waliniingiza kwenye kundi bila kuniuliza, na kitu cha kwanza nilichokiona ni picha za watu wamevaa majoho. Kisha mmoja akaandika, mbele ya watu 60, "tunakuomba msamaha dada yetu kwa yaliyokukuta". Wote wakaanza kuweka mikono ya kusali. Nilizima simu siku mbili. Mume wangu wa sasa alikuwa hajui habari yote.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukimpata, nenda peke yako. Usimpigie picha. Usimweleze kwamba mlimsahau, hilo analijua tangu siku ile. Usimuulize habari ya baba wa mtoto. Mkebe mpe, umwambie ulivyopata B, na kwamba unafundisha. Mimi mtu angeniletea kitu changu cha shule, hata kandambili moja, ningempikia.

Kuhusu kundi, muulize mara moja. Akikataa, iwe basi.

---

TrankaLaBluu

Nimesoma zote, ya MamaCherehani nimeisoma mara nne. Shikamoo dada. Nilikuwa nimeshaandika ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, nikiwa tayari kuutuma kundini ili wote waweke majina chini. Nimeufuta.

Mkuu, nimempigia mkuu wa shule wa sasa leo asubuhi. Rejesta za miaka ile ziko stoo ya mahindi, baadhi zimelowa, lakini ya 2000 ameiona. Ameniambia nije na barua Alhamisi.

MkingaWaMakambako, jina la ukoo nimemtajia mama anayeniuzia viazi hapa stendi. Hakufikiri hata kidogo, akasema "Hao ni wa Ikuwo, mmoja wao anauza vitenge Makambako, mwanamke mrefu, hesabu hazimpiti." Sijui kama ni yeye. Warefu ni wengi na wajuzi wa hesabu ni wengi. Ila nilishika nguzo ya kibanda.

Shule zinafungwa wiki ijayo. Nitaenda sokoni Makambako Jumatatu, nitanunua kitenge kama mteja yeyote, nitamtazama kwanza. Anayejua wauza vitenge pale wanapanga upande gani wa soko, na wanafungua saa ngapi, naomba aniandikie hapa.