Naomba ushauri: breketi ya ukutani ya kubeba spika nzito

Wakuu habari. Nataka kufunga ukutani spika mbili za nyuma za homu thieta, kila moja kilo 11, na ukuta ni wa matofali ya bloku yenye uwazi ndani.

Breketi nyingi zimeandikwa zinabeba kilo 15, ila zina mkono mrefu wa kugeuzia spika, na kadiri spika inavyokaa mbali na ukuta ndivyo skrubu za juu zinavyozidi kuvutwa zing'oke. Sasa hizo kilo 15 ni mkono ukiwa umekunjwa au umenyooshwa? Maboksi hayasemi.

Kuzibandika ukutani kabisa sitaki, maana zina tundu la hewa mgongoni na besi itavimba. Zile breketi za kubana ubavuni nimezitoa kwenye hesabu. Siziamini na mtetemo. Bahati nzuri mgongoni kuna matundu mawili ya bolti za M6 (unene wa milimita 6).

Mliowahi kufunga mzigo kama huu kwenye bloku zenye uwazi, mlitumia fisha ndefu za plastiki (zile za kushikilia skrubu ndani ya tundu la ukuta), au mlitoboa mpaka upande wa pili mkakaza kwa bolti na nati? Na bamba la skrubu 4 linatosha, au nitengeneze rafu tu?