Mrejesho: sauti kuachana na picha kwenye video ya harusi

Assalaam alaikum wakubwa. Niliuliza kuhusu video ya harusi ya Wete niliyoirekodi kwa simu: mwanzo sawa, lakini kadiri inavyosonga sauti inaachana na picha, mpaka mwisho dufu linalia mkono ushanyanyuka.

Ahsanteni sana. Aliyesema simu hubadilisha idadi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde huku inarekodi ndiye aliyelenga. Nimepitisha faili zote kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, nikachagua fremu 30 kwa sekunde zisizobadilika, ndipo nikaziingiza upya kwenye programu ya kuhariri. Sauti ya simu imekaa barabara mwanzo mwisho. Ubaya wake inakula muda, na umeme ukikatika katikati ndo uanze tena.

Kusogeza sauti kwa mkono hakukufaa. Ukitengeneza mwanzo, mwisho unaharibika.

Iliyobaki kunisumbua ni sauti ya kasida niliyoichukua kwa rekoda pembeni. Saa ya rekoda na ya simu haziendi sawasawa, kwa hiyo bado inateleza. Nimeikata kila kasida mbali, nikalinganisha kwa pigo la kwanza la dufu. Zile ndefu mwishoni zinapishana kidogo, ila mama wa biharusi kashaipokea.