Mada: Nimeitwa mahakama ya familia kuhusu binti yangu (Uingereza)

Salaam ndugu zangu,

Mimi na mama wa binti yangu tumetengana tangu mwaka jana. Mtoto ana miaka sita. Juzi nimepokea barua ya kuitwa mahakama ya familia mwezi ujao, na kila mtu ana lake. Mmoja anasema mama ndiye hupewa mtoto siku zote, mwingine ananishauri nisitoe matumizi mpaka nionyeshwe mtoto. Aliyepitia haya anielekeze. Nimeambatanisha kurasa mbili za karatasi nilizoletewa.

---

Kaka, pole sana.

Kwanza mwombe msimamizi afute hicho kiambatanisho leo hii. Kesi za watoto husikilizwa faragha, na kusambaza karatasi zake kwa watu wasiohusika kunaweza kukutia kwenye kosa la kudharau mahakama. Tutakusaidia bila kuziona.

Hayo ya mama kupewa siku zote si sheria. Sheria ya Watoto ya 1989 inatanguliza ustawi wa mtoto, si wa mama wala wa baba. Na tangu Aprili 2014, hapa England na Wales, amri ni moja: inataja mtoto ataishi na nani, na atakuwa na nani lini. Inaweza kusema anaishi kwenu nyote wawili.

Matumizi ni jambo lake peke yake. Usiyazuie kwa sababu hujamwona mtoto, na mama naye hawezi kumzuia mtoto kwa sababu hujatoa. Atakayeumia ni yeye binti.

Kabla ya siku ya kwanza utapigiwa simu na mtu wa Cafcass, shirika linaloishauri mahakama ya familia kuhusu watoto, anayeulizia usalama wa mtoto. Kama kuna kipigo au vitisho, sema bila kuficha. Kama hakuna, usiigeuze simu hiyo kuwa ya kumsema mwenzio. Mimi nilifanya hivyo, na nilipoulizwa mwanangu anaendeleaje shuleni, nilikuwa nimeshachoka kwa hasira, sikuwa na la maana la kujibu. Naijutia simu ile mpaka leo. Kama Kiingereza cha mahakamani kinakutatiza, omba mkalimani mapema.

Sasa lililo kubwa: maneno ya amri yenyewe. Yangu iliandikwa "Ijumaa baada ya shule". Ikafika likizo ya katikati ya muhula, shule imefungwa. Mimi nikaelewa ni saa sita mchana, baba yake akaelewa saa tisa na nusu kama kawaida. Mwanangu alikaa kwenye ngazi, koti amelifunga vifungo vyote, begi mapajani, akiniuliza kama baba amemsahau. Hakuwa amemsahau. Pengo lilikuwa kwenye karatasi. Kwa hiyo ukiwa mbele ya hakimu usione aibu kuomba yaandikwe: saa ngapi, mnakabidhiana wapi, likizo zinagawanywaje, Idi ikiangukia siku ya mwenzio itakuwaje, pasipoti inakaa na nani. Muhuri ukishagongwa, mtaishi na maneno hayo kwa miaka, na anayeyakiuka bila sababu ya msingi anaweza kuamriwa kufanya kazi bila malipo hadi saa 200, au kupewa adhabu kali kuliko hiyo.

Na safari. Aliyetajwa kwenye amri kuwa mtoto anaishi naye anaweza kumtoa nje ya nchi kwa muda usiofika mwezi mmoja, isipokuwa amri imekataza. Zaidi ya hapo inatakiwa idhini ya maandishi ya kila mwenye wajibu wa mzazi (yaani haki na majukumu ya kisheria juu ya mtoto), au ruhusa ya mahakama. Kumwondoa kimyakimya ni jinai, hata kama unampeleka kwa bibi yake.

---

Dada, ahsante sana. Kiambatanisho kimefutwa. Ila ndoa yetu ilikuwa ya msikitini tu, haikusajiliwa huku. Nina haki yoyote kweli?

---

Tazama cheti cha kuzaliwa, kaka. Kama binti alisajiliwa hapa na jina lako limeandikwa kama baba, unao wajibu wa mzazi kisheria. Ndivyo ilivyo kwa vyeti vya tangu 1 Desemba 2003. Kama halimo, mwambie wa Cafcass na uiombe mahakama ikupe. Toa nakala ya cheti sasa, uiweke na karatasi zako. Na siku ya simu, binti asiwe chumbani.