Vita vya Ipsus, 301 KK: Antigonus alishindwaje?

BintiChumbageni: Shikamooni wakubwa. Nasoma habari za Ipsus, ule mji wa kale wa Frigia, Uturuki ya leo, ambako majenerali wa Alexander Mkuu wa Makedonia, Antigonus akiwa mmoja wao, walipigania urithi wake. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasema Antigonus alikuwa na askari wa miguu zaidi ya 70,000, wapinzani wake 64,000. Tena mwanawe Demetrius akawatimua wapanda farasi wa Antiochus, mtoto wa mpinzani wao Seleucus. Sasa mzee alishindwaje? Nimerudia mara tatu nikisubiri kivuko Pangani, bado sijaelewa.

MzeeWaMakorora: Marahaba mwanangu. Wewe hesabu tembo. Antigonus alikuwa nao 75. Seleucus alikuja na 400, aliowapata alipopatana na mfalme Chandragupta wa India.

Juzi nilimpangia mjukuu wangu vita hivi barazani. Vizibo vya soda ndio farasi, vipande vya mkaa ndio tembo, kokwa ya embe ndiye Antigonus, yule chongo, mzee wa miaka 81. Nikamwambia, "Haya Demetrius, wafukuze." Akasukuma vizibo vyake mpaka ukingoni mwa jamvi, anacheka. Kugeuka, nimeshapanga mkaa katikati. Farasi asiyezoea tembo hamsogelei, hata umchape vipi. Mtoto akaitazama kokwa yake kule ilikobaki, akanyamaza.

Ndivyo ilivyokuwa. Seleucus wala hakuwavamia wale wa miguu. Aliwazunguka na farasi, akiwatisha, akiwaachia mwanya wa kuhamia kwake, na kundi kubwa likahama. Mzee akaambiwa, "Wanakujia wewe." Akasema Demetrius atakuja kumwokoa. Akabaki anamtafuta mwanawe kwa macho mpaka mikuki ikammiminikia. Demetrius mimi simsamehe. Ushujaa alikuwa nao, lakini hufukuzi watu namna ile ukamwacha mzazi nyuma.

MshambaaWaBumbuli: Mzee wangu, umenikumbusha Vuga, makao ya wafalme wetu Washambaa. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, mtoto wa Kimweri, alikuwa chini Mazinde kwenye njia ya misafara, bunduki anazipata. Wakapigana, Vuga ikachomwa moto. Nikipita pale moyo unaniuma hadi leo. Hao wa Ipsus waligawana vipi?

MzeeWaMakorora: Pole, ndugu yangu. Lysimachus, mshirika wa Seleucus, alichukua sehemu kubwa ya Asia Ndogo mpaka milima ya Taurus, Seleucus akapewa Shamu (Siria). Ila Ptolemy wa Misri, mshirika wao ambaye vitani hakufika kabisa, alikuwa ameshakalia Shamu ya kusini, akagoma kutoka. Seleucus akamwachia kwa ajili ya urafiki wao wa zamani, bila kuifuta haki yake. Vizazi vyao vikaja kuuana kwa kipande hicho hicho.

BintiChumbageni: Ahsante sana baba, hapo kwenye mkaa nimeona kabisa. Na Demetrius mwenyewe?

MzeeWaMakorora: Alipona. Alikimbilia Efeso na askari wa miguu 5,000 na wapanda farasi 4,000.