MREJESHO: Yule wa zabibu za Mpunguzi

Wakuu habari za siku, mimi ndo yule niliyeuliza mwezi wa tatu kama niuze shamba la zabibu huku Mpunguzi, Dodoma, nirudi zangu Dar, baada ya mnunuzi kuzima simu mzigo ukiwa umeshakatwa. Wengi mlisema uza, mmoja akasema anika.

Nikaanika. Sio kwa akili nyingi, nilikuwa nimechoka tu na sina pa kupeleka. Bi mkubwa akanisaidia kufunga vichanja tukafunika na chandarua cha zamani, asubuhi ya kwanza naamka nakuta kuku wa jirani washaingia, siku ya nne mvua ikapiga usiku (nyie, Dodoma hii tunayoililia mvua kila mwaka, siku hiyo nilitamani iende Singida huko), nusu ikaota ukungu nikamwaga. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Iliyobaki ndo ikanifungua macho: kilo 4 mbichi zinatoa kama kilo 1 kavu, ila kavu hazikukimbizi, huyu akizima simu unamsubiri mwingine. Nikafunga vipakti nikazungusha masoko ya Sabasaba na Majengo hapa Dodoma, vikaisha.

Deni la pembejeo bado nusu, msije mkadhani nimetoboa. Ila zabibu huku unavuna mara 2 kwa mwaka na nimeshapogoa, zamu hii naanza kuanika kabla hata sijampigia mtu simu, na banda la kuku wa jirani nimelijenga mimi kwa hela yangu.

Aliyesema anika, pakti zako 2 zipo.