Mrejesho: Pumziko la Jumapili kwa mwenye duka la nafaka

Wapendwa katika Kristo, niliuliza namna muuza nafaka wa Soko la Majengo, hapa Dodoma, anavyoweza kuitunza siku ya Bwana bila familia yake kupungukiwa. Wengi mlinielekeza kitabu cha Kutoka, sura ya 20, penye amri ya Sabato, lakini lililonigusa zaidi ni Kumbukumbu la Torati 5:14–15, ambapo mtumwa na mjakazi nao wanaamriwa kupumzika, kwa kuwa Israeli walikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo Jumapili duka linafungwa kabisa, na kijana anayenisaidia hulipwa ujira wake wa siku hiyo. Mauzo yamepungua kiasi. Nyumbani, maji na chakula huandaliwa Jumamosi, ili mke wangu naye apumzike kweli, jambo ambalo naliona kubwa kuliko duka lenyewe. Simu za wateja wa jumla nazijibu Jumatatu asubuhi.