Tupeane uzoefu: shamba la familia yenu lilipatikana vipi, na leo liko mikononi mwa nani?

Mwana Bushi (Kadutu, Bukavu): Ndugu zangu, huku mjini tumebanana kwenye miteremko, ila chakula chetu kinatoka Kabare, Walungu na Kalehe. Shamba la babu lilipatikana kwa kalinzi: alimtolea chefu, yaani mtawala wa kimila, ng'ombe mbele ya mashahidi, ardhi ikawa yake na ya wazao wake. Karatasi hakuna. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais juu ya haki za wanavijiji, na miaka na miaka ikapita bila amri hiyo kutoka. Tajiri akishapata sertifika, yaani hati ya Serikali ya kumiliki ardhi, ikamaliza miaka 2 bila kupingwa, wewe uliyezaliwa pale unabaki kudai fidia tu. Inaniuma sana, maana mashahidi wa babu wote wamekwisha kufa. Nanyi je?

Mama Walungu: Mimi sina kalinzi, nalima kwa bwasa, yaani nakodi shamba kwa msimu. Nalipa, navuna, msimu ukiisha tunapatana upya. Naruhusiwa maharagwe, mihogo, viazi vitamu. Mgomba marufuku, kahawa pia, kwa sababu aliyepanda mgomba atasema shamba ni lake. Mwenye shamba hupita kukagua kabisa, hata chipukizi lililojiotea analing'oa. Msimu uliopita nilibeba samadi ya mbuzi mgongoni, kikapu kwa kikapu, nikamwaga majivu juu yake. Maharagwe yakazaa mpaka majirani wakaja kutazama. Baada ya mavuno akasema shamba anampa shemeji yake. Sasa mniambie, nani atanonesha udongo wa namna hiyo?

Wa Buhene: Goma kwetu ni volkano. Mei 2021 lava ilifunika viwanja vyetu, mipaka yote ikapotea chini ya mawe.

Binti wa Kabare: Baba alipofariki, kaka zangu waligawana shamba, wakaniambia nina la mume. Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wote urithi, wa kike na wa kiume. Niliwasomea kifungu mbele ya wajomba, nikapata kipande cha chini karibu na mto. Kidogo, lakini nimepanda migomba.

Mwana Bushi: Hongera dada! Nanyi mlioandikisha kalinzi wakati wazee wangali hai, tuambieni: nani alitia sahihi, na chefu alidai nini ili apige muhuri?